Anza na Siliimu, Galileo Atasubiri

Muhula wa kwanza niliopewa somo la historia ya sayansi niliandaa slaidi 86. Nilianza na Thales wa Mileto, nikapita kwa Aristotle, nikamsalimia Ibn al-Haytham kwa adabu, halafu nikapiga kambi kwa Galileo wiki mbili nzima. Wiki ya tatu umeme ukakatika, projekta ikazima, na katika ule ukimya ikasikika sauti ya VJ, mfasiri wa filamu, kutoka benchi la nyuma. Kijana mmoja alikuwa akitazama filamu kwenye simu, waya wa visikilizio umechomoka bila yeye kujua. Darasa zima likageuka kusikiliza. Kwa Galileo hakuna aliyewahi kugeuka hivyo.

Nafundisha wanafunzi wa ualimu hapa Kampala. Wengi watakwenda kufundisha Kiswahili sekondari, wengine historia, na kila mwaka huongezeka wawili watatu wa fizikia ambao ratiba imewakwamisha kwangu. Mimi ni mtoto wa Walukuba, Jinja, nyumba za wafanyakazi wa viwandani, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya uani kwa sababu jirani wa kulia alikuwa Mjapadhola na wa kushoto Mlugbara. Ndiyo maana historia ya sayansi naifundisha kwa Kiswahili, ingawa karatasi zenyewe ziko kwa Kiingereza na wanafunzi wananong'onezana kwa Kiganda. Wewe uliye Dodoma au Kisumu utabadilisha mifano. Mpango unaweza kubaki ulivyo.

Kosa langu la mwaka ule nilikuja kulielewa baadaye. Nilidhani nyimbo, filamu, utani wa mtaani na majina ya magonjwa ni sukari ya kumezea dawa: unaweka kidogo mwanzoni ili watu wasilale, kisha unarudi kwenye sayansi yenyewe. Siku hizi navileta darasani kama ushahidi. Humo ndimo sayansi ilipopewa jina, ikachekwa, ikakataliwa, na mara nyingine humo ndimo ilipookotwa.

Wiki ya kwanza: neno moja ubaoni

Ingia, andika SILIIMU kwa herufi kubwa, kisha nyamaza. Usiwe na haraka ya kueleza. Dakika moja ya ukimya darasani ni ndefu, lakini ivumilie.

Kila mtu hapa analijua neno hilo. Kwa Kiganda ni Ukimwi. Uliza limetoka wapi. Atapatikana wa kusema limetoka kwenye Kiingereza, lile neno la mtu mwembamba. Sasa omba majina mengine kutoka kwao. Waliokulia Kiswahili wataleta ngoma, miwaya, umeme. Mwaka juzi binti mmoja kutoka upande wa Mutukula alituambia kwamba kwa bibi yake, ng'ambo ya mpaka huko Kagera, waliuita Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikivuma na kuletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Mtu mwingine hakosi kuleta ule utani wa Kitanzania wa kufumbua herufi za AIDS: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Watacheka. Waache wacheke, kwa sababu swali lako linalofuata ni hili: watu waliotunga utani huu walikuwa wameshajua nini kuhusu njia ya maambukizi, na walikuwa wakikataa nini?

Wakishatulia, gawa karatasi. Ni ukurasa wa kwanza wa makala iliyotoka katika jarida la The Lancet mwezi Oktoba 1985, na miongoni mwa walioiandika ni madaktari wa Uganda David Serwadda na Nelson Sewankambo. Kichwa chake kinataja ugonjwa wa "Slim" kama ugonjwa mpya Uganda. Waambie wasome kichwa tu, halafu uliza: nani amemwazima mwenzake? Wavuvi na wachuuzi wa Rakai walikuwa na neno lao kabla daktari hajalitia katika jarida. Wagonjwa wa kwanza waliotambuliwa nchini walikuwa wa Kasensero, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1982. Neno la pwani ya ziwa lilisafiri miaka mitatu mpaka London, likavaa tai.

Usiishie hapo, maana hapo ni patamu na mwalimu mvivu hupenda kuondoka pakiwa patamu. Gawa ubao katikati. Upande mmoja andika: jina hili liliona nini? Upande wa pili: jina hili lilificha nini? Liliona kukonda. Lilimficha mtu mnene mwenye virusi asiye na dalili hata moja. Wataanza wenyewe kukumbuka mabango na mahubiri ya redio yaliyorudia kwamba huwezi kumjua mwenye virusi kwa kumtazama. Ile kazi yote ilikuwa ni kupigana na jina. Mwanafunzi akiliona hilo, ameshaelewa jambo ambalo kwa slaidi zangu 86 sikuwahi kulifikisha: jina la kitu ni chombo cha kutazamia, kama hadubini, na kina mahali kisipoona.

Baada ya hapo nacheza wimbo wa Philly Lutaaya. Alitangaza hadharani mwaka 1989 kwamba ana Ukimwi, akazunguka shuleni na makanisani akiwa mgonjwa, akafariki Desemba mwaka huohuo. Hapa nina onyo. Mara ya kwanza niliucheza bila kumwambia mtu. Katikati ya wimbo mwanafunzi mmoja akainuka akatoka, na mimi, kwa ujinga, nikaandika kwenye daftari kwamba ametoka bila ruhusa. Mama yake alikuwa amekufa kwa ugonjwa huo. Siku hizi natangaza wiki moja kabla, nasema wazi kutakuwa na wimbo gani, na asiyetaka kukaa anakwenda maktaba bila kuulizwa. Kwa Uganda usidhani darasa lolote halina msiba wa jambo hili.

Friza ya kantini

Wiki ya pili tunahamia kantini. Utahitaji vikombe viwili vya chuma vya ukubwa mmoja, themomita kama maabara itakuazima, na urafiki na mama mwenye friza.

Kabla ya kumimina chochote, simulia. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu shule ya Magamba, Tanganyika. Wavulana walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unayaacha yapoe, unayatia kwenye friza. Nafasi ilikuwa inaisha, yeye akayatia yake yakiwa ya moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake. Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia, jibu alilopata ni kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likaifanya methali. Kila alipokosea wenzake walimtajia fizikia ya Mpemba. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne aliyekuja kuhadhiri kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wakacheka tena. Osborne hakucheka, alirudi akalijaribu, na mwaka 1969 wakaandika pamoja.

Sasa mimina maji ya moto kikombe kimoja, ya uvuguvugu kingine, funga friza, kula chapati. Mimi jaribio hili limenishinda mara nyingi kuliko lilivyonitii. Mwaka jana ya uvuguvugu yaliganda kwanza mara tatu mfululizo, na vijana wakaniangalia kama mchungaji ambaye mvua yake ya maombi haikunyesha. Usione haya, hapo ndipo somo linapoiva. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa uangalifu wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba jambo hilo hutokea. Wengine bado wanabishana nao. Kwa hiyo uliza: ikiwa Mpemba alikuwa amekosea, je, mwalimu wake alikuwa amepatia? Nimewahi kuona ubishi huo ukiendelea mpaka kwenye kituo cha teksi.

Kupitia mlango huu ndipo Wazungu wa kale wanapoingia bila kusukumwa. Aristotle aliandika jambo linalofanana na hilo, na Francis Bacon na Descartes pia. Mwanafunzi aliyesimama dakika arobaini mbele ya friza husoma kurasa mbili za Bacon kwa hasira nzuri: alijuaje huyu, na hakuwa na friza?

Ukurasa wa Felkin

Hapa nataka ukae sana. Mimi hutumia vipindi vitatu.

Tafsiri mwenyewe ukurasa mmoja wa simulizi ya Robert Felkin, daktari mwanafunzi wa Uingereza aliyepita nchi hii mwaka 1879 na kuchapisha habari zake Edinburgh mwaka 1884. Anaeleza upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni aliouona mahali alipopaita Kahura, Bunyoro. Katika nakala ya kwanza ya wanafunzi futa kila jina la mahali, futa tarehe, na pale penye ndizi acha pengo. Wape waseme ni wapi na lini.

Wanachosoma ni hiki. Mwanamke amenyweshwa pombe mpaka amelewa nusu. Mpasuaji ananawa mikono kwa pombe hiyohiyo, anaosha na tumbo la mgonjwa kwa pombe kisha maji. Anakata haraka, msaidizi anashika kingo za jeraha, mishipa inayovuja inaguswa kwa chuma cha moto. Mtoto anatolewa. Mfuko wa uzazi haushonwi. Unakandwa mpaka unajikaza. Tumbo linafungwa kwa pini saba za chuma zilizong'arishwa, zikizungushiwa uzi. Juu yake unapakwa uji wa mizizi iliyotafunwa, kisha jani, kisha bendeji. Siku ya kumi na moja jeraha limepona.

Watasema Misri. Watasema India, Uingereza, kuna mmoja alisema Hospitali ya Mulago siku ya mgomo. Ndipo unawapa nakala ya pili yenye kila kitu: pombe ni ya ndizi, uzi ni wa gome, bendeji ni lubugo, kitambaa cha gome.

Kelele zitakazozuka usizizime, lakini jua zinakwenda wapi. Mwaka wa kwanza nilifurahi nazo nikawaacha waondoke wakishangilia. Kwenye mtihani nikasoma, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba Wanyoro ndio waliovumbua upasuaji duniani na Wazungu wakauiba. Kosa langu, si lao. Nilikuwa nimewapa fahari, sikuwapa kazi.

Kazi ni kalamu tatu. Kila mwanafunzi apitie ukurasa sentensi kwa sentensi. Bluu kwa jambo Felkin anasema aliliona kwa macho. Nyekundu kwa jambo ambalo lazima aliambiwa. Kijani kwa jambo analodhani. Utaona wanavyokwama. Kupona siku ya kumi na moja ni bluu au nyekundu? Kuhusu ile mizizi, aliiona au alielezwa? Kisha waulize kwa nini tunalo jina la mgeni aliyetazama lakini ukurasa tulioushika hauna jina la aliyeshika kisu, wala la mama aliyelala pale. Waulize na hili: daktari kijana anaposimama mbele ya madaktari wa Edinburgh, anataka waondoke wakifikiri nini?

Halafu wape wanabiolojia nafasi yao. Lister, daktari mpasuaji wa Uingereza, alianza kuchapisha kuhusu usafi wa jeraha kwa dawa ya kaboliki mwaka 1867. Huko Ulaya wakati wa Felkin akina mama wengi waliopasuliwa walikufa, na mpaka mwaka 1882 ndipo Max Sänger aliposisitiza kushona mfuko wa uzazi. Kwa hiyo msomaji wa Edinburgh aliposikia habari za Kahura alikuwa na sababu ya kutega sikio, na alikuwa na sababu ya kutilia shaka. Mwanafunzi anayeweza kubeba yote mawili kichwani, kwamba mkono ule ulikuwa na ujuzi ambao hauzaliwi siku moja, na kwamba sisi tunautazama kupitia shahidi mmoja tu, huyo mpe alama zake zote.

Mwisho wa kipindi cha tatu huwa nauliza bibi zao wanasema nini kuhusu wakunga wa zamani. Hapo muda hautoshi kamwe. Panga kipindi cha nne kama unaweza.

Siku ya ma-VJ

Kwa wasomaji wa mbali: VJ hapa kwetu ni mtu anayekaa na maikrofoni kwenye kibanda cha video na kuifasiri filamu ya kigeni papo hapo kwa Kiganda. Anaeleza, anatania, anamwonya shujaa, anatangaza na chakula cha jirani. Wakenya wana DJ Afro, Watanzania walikuwa na Lufufu. Watoto wetu wengi walikutana na maabara, roketi na virusi kwa mara ya kwanza kupitia mdomo wa VJ kama Jingo, muda mrefu kabla ya kukutana na mwalimu wa sayansi. Ukilipuuza hilo unafundisha watu usiowajua.

Tafuta kipande cha filamu cha dakika nne chenye maabara, msitu, au watu waliovaa barakoa. Kihifadhi kwenye flashi usiku, usitegemee intaneti ya chuo. Zima sauti. Wanafunzi wakae wawili wawili: mmoja VJ, mwingine mtafiti wake anayemnong'oneza. Kila jozi ivute kadi, na kadi ina mahali na tarehe. Kadi ninayoipenda kuliko zote imeandikwa: Entebbe, Aprili 1947.

Sheria ni moja. VJ haruhusiwi kujua kitu ambacho tarehe yake haikijui. Akiteleza, darasa linagonga meza.

Wape siku mbili za kusoma. Watakuta kwamba Entebbe kulikuwa na taasisi iliyofunguliwa mwaka 1936 kwa fedha za Rockefeller ili kuchunguza homa ya manjano. Watakuta kwamba watafiti waliweka nyani ndani ya vizimba juu ya miti katika msitu wa Ziika, wawe chambo cha mbu, na kwamba Aprili 1947 mmoja wao, aliyeandikwa kwa namba 766, alipata homa. Damu yake ilidungwa kwenye panya. Mwaka uliofuata virusi vilevile vikapatikana kwa mbu wa msitu huohuo.

Sasa sikiliza meza zinavyogongwa. VJ wa kwanza husema "hivi ndivyo virusi vya Zika." Paa! Siku ile hakukuwa na kitu kwa jina hilo. Walikuwa wanatafuta homa ya manjano. Wa pili anamweka mtafiti kwenye hadubini "akiviona vinacheza." Paa! Kwa hadubini ya kawaida huvioni. Wa tatu analia kwa ajili ya watoto wanaozaliwa na vichwa vidogo. Paa, paa! Hiyo ni Brazili mwaka 2015. Na kila mwaka kuna anayesema nyani alikamatwa palepale msituni. Aina ile, rhesus, asili yake ni Asia. Alikuwa mgeni aliyeletwa kwa kazi. Wenyewe hubaki midomo wazi, maana kichwani mwao picha ilikuwa ya ngedere wa Entebbe anayeiba mkate.

Wakimaliza, cheza kipande kilekile kwa kadi nyingine: Geneva, Februari 2016, Shirika la Afya Duniani limetangaza dharura. Picha zilezile, maneno mengine kabisa. Huhitaji kuongeza mhadhara.

Kijana yule wa benchi la nyuma, kwa taarifa yako, alikuwa VJ mbovu. Alichekesha sana lakini hakusoma. Mtafiti wake, msichana mkimya wa Tororo, ndiye aliyeniletea swali ambalo sasa nalitumia kila mwaka: kwa nini jina la kijiji cha watu lipewe ugonjwa? Mwezi Mei 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri magonjwa mapya yasiitwe tena kwa majina ya mahali. Kwetu ushauri ulichelewa. Tuna Ziika, tuna Bundibugyo ya Ebola, tuna virusi vya West Nile vya mwaka 1937, na wanafunzi wa Arua, huko West Nile, wanakuwa na mengi ya kusema wakisikia kwamba mwaka 1999 New York nzima ilikuwa ikilitaja jina la kwao kwa hofu. Nafuu iko kwa homa ya o'nyong'nyong ya mwaka 1959: jina lake ni la Kiacholi, linaeleza viungo vinavyouma na kulegea. Mwombe Mwacholi alitamke, kisha aoneshe kwa mwili.

Tahadhari ndogo ya lugha. Kiswahili chetu kinasema kirusi kwa virusi mmoja mmoja, na Kirusi pia ni lugha ya Moscow. Usiweke neno hilo kwenye swali la mtihani bila kuangalia herufi kubwa. Nilipata jibu zuri sana kuhusu Putin.

Kutoka nje

Makumbusho ya Uganda pale Kitante ni rahisi: nauli ndogo, kiingilio cha wanafunzi, kivuli. Mkusanyiko wake ulianza mwaka 1908, ukakaa kwanza Old Kampala, na Waganda wakaliita jengo hilo Enyumba ya Mayembe, nyumba ya hirizi. Anza na jina hilo kabla hamjaingia. Kisha usiwaongoze. Kila mmoja achague kitu kimoja, akae mbele yake dakika thelathini bila simu, aandike kilitengenezwaje na nani aliamua kiitwe hirizi badala ya chombo cha tiba. Wale wanaochagua ngoma huwa wamechagua kwa uvivu. Waulize ngozi ilikaushwaje.

Ziika ni kazi zaidi. Msitu uko upande wa barabara ya Entebbe na ni mali ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi, kwa hiyo barua ya kuomba ruhusa iende mapema sana, na ufuate kwa simu. Mikono mirefu, buti, dawa ya mbu. Waonye pia kwamba ni mdogo, kama hekta 25. Kundi langu la kwanza lilishuka kwenye teksi likasema, "Madamu, ni huu tu?" Walikuwa wameutarajia ule wa sinema.

Nikikosa fedha za safari nafanya anga badala yake. Juu ya kilima cha Biharwe, barabara ya Mbarara, kuna mnara wa kumbukumbu ya siku jua lilipopotea mchana na jeshi la Bunyoro, linavyosimulia simulizi, likakimbia na kuacha ng'ombe liliowateka. Waliohesabu wameliweka tukio hilo 17 Aprili 1520, na wengine wamelibishia. Programu ya Stellarium, inayoonyesha anga kwenye kompyuta, ni ya bure: weka mahali, weka tarehe, tazama. Kisha eleza kwamba mzunguko wa dunia haukwendi sawasawa kwa karne nyingi, kwa hiyo kivuli cha miaka mia tano iliyopita kina ukingo wa kubahatisha. Waliokuwa watoto mwaka 2013 huko Pakwach, tarehe 3 Novemba, waliona jua likipatwa kabisa kwa sekunde chache. Wape hao neno kwanza. Galileo anaingia siku hii, dakika hamsini, na hakuna anayelala.

Alama

Insha nimeziacha. Zilikuwa zinakuja zote kwa sauti moja, sauti ya simu. Sasa kazi ya muhula ni sauti ya dakika tatu iliyorekodiwa, kama kipindi cha redio, kuhusu neno moja, wimbo mmoja au uvumi mmoja wenye sayansi ndani yake. Pamoja nayo nusu ukurasa wenye kichwa "Nimejuaje". Nusu ukurasa huo ndio unaobeba alama nyingi: uliongea na nani, kwa lugha gani, nini hukukipata. Mmoja alifuatilia mongota, jina la Kiganda la malale, neno la kusinzia, akaenda kwa babu yake Busoga akidhani atapata hadithi moja. Akarudi na majina manne ya mbung'o na kisa cha kijiji kilichohamishwa kutoka ziwani. Rekodi yake ilikuwa na jogoo anayewika katikati. Nilimpa 36 kati ya 40, na zile nne nilimkata kwa sababu hakuandika tarehe ya mazungumzo.

Mtihani wa mwisho una alama 60 na swali moja la lazima: nawapa jina la kitu ambalo hatukulijadili, waeleze limeona nini na limeficha nini.

Vifaa vya muhula mzima, basi: chaki, flashi moja, vikombe viwili vya chuma, kalamu za rangi tatu kwa kila kichwa (wanafunzi wazinunue wenyewe Wandegeya, usijitwike), kadi za tarehe, barua ya Ziika iliyoandikwa wiki ya kwanza, na soda ya mama wa kantini. Yeye anataka Mirinda, na anataka kuambiwa kabla ya saa nne, kwa sababu friza yake ina samaki.